Kosa 10055 na foleni zinazojaa: historia fupi kutoka Kisumu

Wiki hii sitaongelea simu mpya wala programu mpya. Nataka tuzungumzie ule ujumbe ambao seva huutoa saa ileile watu wanapoihitaji zaidi: eti hakuna nafasi ya bafa, au eti anwani iliyoombwa haipatikani. Ukiangalia kumbukumbu ya mashine, ipo tele. Ukiangalia laini ya intaneti, haijajaa hata nusu. Sasa ni nini kimeisha?

Jibu lina historia ndefu kuliko nilivyodhani nilipokuwa nasoma kompyuta chuoni. Niliijua historia hiyo baada ya kuaibika, kwa hiyo nianze na aibu yenyewe.

Asubuhi ya omena

Niliandika mfumo mdogo wa malipo kwa kikundi kimoja cha wafanyabiashara wa samaki hapa kwetu kando ya ziwa. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mashua hurudi alfajiri. Kwa hiyo kazi yote ya mfumo ilikuwa kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Mchuuzi analipa kwa simu, mwenye mashua anasubiri uthibitisho, kisha ndipo ndoo zinaondoka. Kwa siku nzima iliyobaki seva ilikuwa imelala.

Siku moja msimu ukiwa mzuri, mfumo ulikwama. Uthibitisho haukufika. Nilizima programu nikaiwasha tena, ikafanya kazi muda mfupi ikakwama. Mama mmoja alinipigia simu, hakupandisha sauti, akaniambia tu, "Kijana wangu, samaki hangoji mtandao." Nikamjibu, "Pole mama, nipe dakika tano." Dakika tano zikawa saa nzima. Mwishowe nilizima mashine yote na kuiwasha, ikapona. Kesho yake asubuhi ikakwama tena, saa ileile.

Kwenye kumbukumbu za seva kulikuwa na mstari mmoja unaojirudia maelfu ya mara: kosa namba 99 la Linux, EADDRNOTAVAIL. Ukiusoma kwa haraka unadhani umekosea kuandika anwani ya IP. Mimi nilidhani hivyo, nikapoteza siku mbili.

Poti ni kama gati

Ndugu msomaji, Kisumu ni mji wa bandari. Reli ya Uganda ilipofika hapa Desemba 1901, mahali hapa paliitwa Port Florence, na mizigo iliyoshuka kwenye behewa ilisubiri meli iivushe ziwa. Ziwa ni kubwa, lakini meli haifungwi popote, hufungwa gatini. Gati zikijaa, ukubwa wa ziwa haukusaidii kitu.

Kompyuta nayo ina poti. Kila muunganisho wa TCP hutambulika kwa vitu vinne: anwani ya IP ya huku, poti ya huku, anwani ya IP ya kule na poti ya kule. Namba ya poti ina biti 16, kwa hiyo zipo 65,536 tu. Programu yako inapopiga simu kwenda seva nyingine, mfumo endeshi huiazima poti moja ya muda. Lakini hauazimi kutoka zote 65,536, unaazima kutoka fungu dogo lililotengwa. Hilo fungu ndilo linaloisha.

Na hapa ndipo historia inaanza, maana ukubwa wa fungu hilo, na muda ambao poti hukaa bila kurudishwa, ni maamuzi ya watu fulani katika miaka fulani.

1981 hadi 1983: namba zinachaguliwa

Septemba 1981 ilitolewa RFC 793, waraka ulioeleza TCP, ukiwa umehaririwa na Jon Postel. Waraka huo ulisema kwamba upande unaofunga muunganisho kwanza usiisahau poti ile mara moja. Ukae nayo katika hali iitwayo TIME_WAIT, ili pakiti iliyochelewa njiani isije ikaingia kwenye muunganisho mpya ikadhaniwa ni yake. Muda wa kukaa ni mara mbili ya umri wa juu wa pakiti mtandaoni. Umri huo uliwekwa kuwa dakika 2, na waraka wenyewe unakiri kwamba ni chaguo la kihandisi linaloweza kubadilishwa. Kwa hiyo TIME_WAIT ikawa dakika 4.

Mwaka 1983 ikaja 4.2BSD kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ndiyo iliyotupa soketi tunazotumia mpaka leo. Humo poti za muda zilianzia 1024 na kuishia 5000. Foleni ya wageni wanaobisha hodi kwenye seva ilikuwa na ukomo wa 5. Ndiyo, watano. Mashine ilipokosa bafa za mtandao ilitoa kosa ENOBUFS, ambalo kwenye BSD ni namba 55.

Microsoft walipopeleka soketi kwenye Windows walichukua namba za BSD wakaongeza 10000. Ndiyo maana kosa maarufu la Windows ni 10055. Ukiliona, unatazama namba ya Berkeley ya miaka ya 1980 iliyovaa koti jipya.

Windows XP nayo ilirithi mazoea hayo. Poti zake za muda zilikuwa 1025 hadi 5000, yaani 3,976, na TIME_WAIT ilikuwa sekunde 240. Gawanya 3,976 kwa 240 upate takriban 16. Maana yake ni kwamba programu iliyofungua na kufunga miunganisho zaidi ya 16 kwa sekunde mfululizo, ingemaliza poti zote baada ya dakika chache na kupata kosa 10055, hata kama mashine ilikuwa na kumbukumbu ya kutosha. Windows Vista ilihamisha fungu hilo likawa 49152 hadi 65535, yaani poti 16,384.

Kanuni moja ya foleni

Hesabu niliyofanya hapo juu ina jina. Inaitwa kanuni ya Little, kwa heshima ya John Little, Mmarekani aliyetoa uthibitisho wake mwaka 1961, na haikuandikwa kwa ajili ya kompyuta. Inasema hivi: idadi ya waliomo ndani ya foleni ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila mmoja anakaa. Wakiingia watu 10 kwa dakika na kila mmoja akikaa dakika 3, ndani kutakuwa na watu 30. Kama ukumbi unabeba 25, kuna watakaokataliwa mlangoni.

Karibu kila kosa la mtandao linalotokea wakati wa msongamano ni kanuni hii ikifanya kazi. Kuna jedwali lenye ukubwa maalum, kuna kasi ya kuingia, na kuna muda wa kukaa. Watu wengi hutazama kasi ya kuingia peke yake. Muda wa kukaa wanausahau.

Oktoba 1986: mtandao unajisonga wenyewe

John Nagle, aliyekuwa Ford Aerospace, alionya Januari 1984 katika RFC 896 kwamba mtandao wa TCP/IP unaweza kusongamana mpaka ukaporomoka. Oktoba 1986 ikatokea kweli. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali wa yadi 400 tu, mwendo wa data ulishuka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde. Ulipungua mara 800.

Hakuna waya uliokatika. Kilichotokea ni hiki: pakiti zilipochelewa, kila mashine ilidhani zimepotea ikatuma nyingine. Hizo nyingine zikaongeza foleni, foleni ikaongeza kuchelewa, kuchelewa kukaleta pakiti nyingine tena. Mashine zote zilikuwa zinafanya kazi kwa bidii kubwa, na karibu hakuna kilichofika.

Van Jacobson na Mike Karels walichunguza, na mwaka 1988 Jacobson akachapisha dawa. Kwa maneno ya kawaida, dawa ni adabu: anza polepole, ongeza kidogo kidogo, na ukiona pakiti imepotea punguza mwendo na ungoje zaidi kabla ya kujaribu tena. TCP ya simu yako leo imejengwa juu ya adabu hiyo.

1996: foleni inajazwa kwa makusudi

Miaka kumi baadaye, Septemba 1996, kampuni ya intaneti ya Panix ya New York ilishambuliwa kwa njia rahisi mno. Mshambuliaji alituma maombi ya kuanzisha muunganisho kutoka anwani za uongo, kisha hakujibu tena. Kila ombi lilichukua nafasi kwenye foleni ya wanaosubiri kukamilisha salamu, na nafasi hiyo ilishikiliwa mpaka muda ukaisha. Wateja wa kweli wakakosa pa kuingia.

Mwezi huohuo D. J. Bernstein na Eric Schenk walibuni vidakuzi vya SYN. Seva haiweki tena kumbukumbu ya mgeni aliyebisha hodi, bali inamrudishia namba iliyokokotolewa kwa siri. Mgeni akirudi na namba sahihi, anaingia. Asiporudi, hakuna nafasi aliyoila. Kwa lugha ya Little, muda wa kukaa umefanywa sifuri.

Kwetu, enzi za satelaiti

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya SEACOM kuwashwa Julai 2009, Kenya iliwasiliana na ulimwengu kwa satelaiti. Satelaiti hizo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, jumla zaidi ya kilomita 143,000. Hata kwa kasi ya mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde, na kwa kawaida ilikaribia sekunde 0.6.

Mbaya zaidi, kwa muda mrefu hata ujumbe kati ya wateja wa watoa huduma wawili wa Nairobi ulivuka bahari kwa satelaiti na kurudi. KIXP, kituo cha kubadilishana data cha hapa nchini, kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa na mdhibiti Desemba mwaka uleule baada ya Telkom Kenya kulalamika, kikafunguliwa tena Februari 2002.

Weka sekunde 0.6 kwenye kanuni ya Little uone. Seva yenye foleni ya salamu ya nafasi 128, ikiwa karibu na mteja kwa sekunde 0.01, inaweza kupokea wageni 12,800 kwa sekunde. Seva hiyohiyo, ikifikiwa kwa satelaiti, inapokea 213. Mashine ni ileile, programu ni ileile. Vilevile TCP ya zamani haikuruhusu zaidi ya baiti 65,535 kuwa njiani bila kuthibitishwa, kwa hiyo muunganisho mmoja haukuvuka takriban kilobaiti 109 kwa sekunde hata ukinunua laini nene kiasi gani. RFC 1323 ya mwaka 1992 ilipanua dirisha hilo, lakini lazima pande zote mbili ziwe zimekubaliana kulitumia.

Wale mliotumia saiba za miaka ile mtakumbuka jambo lingine (mimi nilikuwa shule ya msingi, nimeyasoma baadaye). Agosti 2003 ilikuja minyoo ya Blaster, 2004 ikaja Sasser. Microsoft wakajibu Agosti 2004 kwa toleo la SP2 la Windows XP, lililoweka kikomo: miunganisho 10 tu inayoanzishwa na bado haijajibiwa. Ukizidisha, zinapangwa foleni na tukio namba 4226 linaandikwa. Kikomo kiliwekwa kupunguza kasi ya minyoo. Lakini kwa mtu aliyekaa mbali na seva kwa sekunde 0.6, nafasi 10 hurudi polepole sana kuliko kwa mtu wa Ulaya. Watu wakawa wanarekebisha faili la tcpip.sys kwa mikono. Windows 7 ilipotoka mwaka 2009 kikomo hicho hakikuwepo tena.

Siku 497

Kuna kisa kimoja ninachokipenda. Kwenye Windows Vista, Windows 7 na Server 2008, Microsoft waligundua kwamba mashine ikikaa siku 497 bila kuzimwa, poti zilizo kwenye TIME_WAIT haziachiliwi tena kamwe. Poti zinaisha pole pole, kisha seva haiwezi kufungua muunganisho mpya.

Kwa nini 497? Saa ya ndani iliyohesabu kila milisekunde 10 ilitumia namba ya biti 32. Namba hiyo inajaa baada ya sekunde 42,949,673, ambazo ni siku 497. Fikiria fundi anayejivunia seva isiyozimwa mwaka mzima na miezi minne, kisha asubuhi moja inakataa wageni. Akiizima na kuiwasha inapona, na ataapa kwamba hakuna kilichokuwa kibaya.

Julai 2023

Wengi tunaikumbuka wiki ile. Tarehe 27 Julai 2023 serikali ilithibitisha kwamba eCitizen, lango lenye huduma zaidi ya 5,000, limeshambuliwa. Kikundi kilichojiita Anonymous Sudan kilidai kuhusika. Waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alieleza kwamba washambuliaji walijaribu kuusonga mfumo kwa kutuma maombi mengi kuliko kawaida, na kwamba data haikuchukuliwa. Wageni waliokwama na viza za mtandaoni ilibidi wapewe viza wanapowasili. Oktoba 2024 wizara ya sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani.

Kimsingi ni jambo lilelile la Panix: hakuna aliyevunja kufuli, mlango umejazwa watu wasio na shida ya kweli. Tofauti ni kwamba mwaka 1996 waliokosa huduma walikuwa wateja wa kampuni moja, na mwaka 2023 ilikuwa nchi. Tunapoweka pasipoti, leseni na malipo nyuma ya mlango mmoja, ukubwa wa foleni ya mlango huo unakuwa jambo la kila mwananchi, hata asiyejua TCP ni nini.

Nilichokosea mimi

Sasa mnaweza kukisia kosa langu. Linux ya leo hutenga poti 32768 hadi 60999, yaani 28,232, na TIME_WAIT yake ni sekunde 60. Kwenda seva moja tu, hiyo ni takriban miunganisho mipya 470 kwa sekunde. Nilidhani sitafika huko kamwe.

Lakini programu yangu, kila malipo yalipokuwa hayajathibitishwa, iliuliza tena mara 10 kwa sekunde, na kila swali lilifungua muunganisho mpya na kuufunga. Siku ya kawaida jibu lilikuja upesi. Siku ya samaki wengi upande wa pili ulichelewa, malipo 50 yakawa yanasubiri kwa pamoja. Mara 50 kwa 10 ni 500 kwa sekunde. Dakika moja haikuisha, poti zote zikawa kwenye TIME_WAIT. Kuzima programu hakukusaidia kwa sababu TIME_WAIT inashikwa na kerneli, si programu. Kuzima mashine kulisaidia kwa sababu kulifuta jedwali lote.

Kwa maneno mengine, nilirudia kwa mikono yangu kosa la mashine za Berkeley za 1986. Nilipocheleweshwa, niliuliza kwa nguvu zaidi.

Cha kufanya ukikutana nalo

1. Usianze kwa kuzima na kuwasha. Kwanza andika ss -s kwenye Linux, au netstat -an kwenye Windows, na uhesabu zilizo kwenye TIME_WAIT. Ukizima kwanza umefuta ushahidi.

2. Pima muda wa kukaa, usipime kasi ya kuingia peke yake. Uliza ni nani anayechelewa.

3. Fungua muunganisho mmoja na uutumie mara nyingi. Hili peke yake lilimaliza tatizo langu kwa sehemu kubwa.

4. Ukikosa jibu, ngoja. Sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na uongeze bahati nasibu kidogo ili wote wasirudi kwa wakati mmoja.

5. Angalia foleni ya kuingilia. Kwenye Linux, somaxconn ilikuwa 128 mpaka kerneli 5.4 ya mwaka 2019 ilipoipandisha kuwa 4096. Seva nyingi za zamani bado ziko 128.

6. Ukiona ushauri wa kuwasha tcp_tw_recycle, uukimbie. Uliwakataa wateja wengi wanaoshiriki anwani moja ya IP, na simu nyingi za Kenya hutoka nyuma ya anwani za pamoja za kampuni za simu. Ungewafungia nje wateja wako wenyewe. Uliondolewa kabisa kwenye Linux 4.12 mwaka 2017.

Niishie hapo kwa leo. Baada ya marekebisho nilimpigia yule mama kumwambia kwamba mfumo uko sawa. Akaniuliza kama nimenunua mashine kubwa zaidi. Nikamwambia hapana mama, nimeifundisha kungoja. Akacheka, akasema yeye hungoja tangu saa kumi za usiku kila siku na hakuna aliyemfundisha.

Tukutane tena wiki ijayo.